Diski ndani ya plei: nani ana ruhusa ya kuibadilisha?

Vijana wenzangu, na ninyi ndugu mnaofanya kazi na sisi, leo historia yetu si ya wafalme. Ni ya kile kidude kinachozunguka ndani ya PlayStation. Hapa Kigali plei nyingi tunazochezea ni za mitumba, zimeshapita mikononi mwa watu wengi. Diski ikichoka, watu husema mashine imekufa. Bado haijafa, bana.

Diski yenyewe ni mzee. IBM iliitoa mwaka 1956 pamoja na kompyuta ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, ukubwa wa kabati, na ilibeba kama megabaiti 5 tu, yaani wimbo mmoja wa kwenye simu. Plei zilipoingia majumbani hazikuwa na diski kabisa. PlayStation ya kwanza, ya 1994, iliweka sevu zako kwenye kikadi cha kilobaiti 128. Ukikipoteza, msimu mzima umekwenda.

Mwaka 2001 Microsoft ilitoa Xbox, na ndani mlikuwa na diski ya gigabaiti 8. Lakini diski hiyo ilifungwa kwa nenosiri: ukiweka nyingine ya dukani hivi hivi, mashine inakataa. Kwenye Xbox 360 ya 2005 diski ilichomoka kirahisi, ila ilikaa ndani ya kasha la kampuni yenyewe, kwa bei yao. Sony wakachukua njia nyingine. PS3 ya 2006 ilitumia diski ya kawaida ya laptopu, inchi 2.5. PS4 ya 2013 ikafuata: ilikuja na gigabaiti 500, na mwenyewe unaruhusiwa kuweka kubwa zaidi.

Kwa mtu wa kambini tofauti hiyo si ndogo. Mashine inayokubali diski yoyote inaweza kuponywa na diski ya laptopu iliyovunjika kioo. Ile inayokubali diski ya kampuni tu inakungoja uwe na pesa, na wewe huna.

Kazi yenyewe kwenye PS4 ni hivi. Kwanza nakili sevu kwenye flashi, kwa sababu diski mpya inaanza tupu. Zima kabisa, chomoa nyaya zote. Toa kifuniko, fungua skrubu kubwa yenye alama za vitufe vya PlayStation, vuta kitoroli, badilisha diski. Ipya isizidi unene wa milimita 9.5. Halafu unahitaji flashi yenye folda PS4, ndani yake folda UPDATE, na faili kubwa la kusakinisha mfumo kutoka tovuti ya Sony. Lile dogo la kusasisha halitoshi, na hapo ndipo wengi wanakwama wakidhani wameharibu.

Kuna historia nyingine ndani ya kidude hiki, na inatuhusu zaidi. Vifaa vya elektroniki vina vipande vidogo vya tantalum, inayotoka kwenye coltan. Mwaka 2000, mwaka PS2 ilipotoka, bei ya tantalum ilipanda sana, viwanda vya simu, kompyuta na plei vikiigombania. Kule Kivu watu wengi waliacha mashamba wakaenda kuchimba, na wenye bunduki wakala faida. Mwaka 2001 bei ikaanguka, wachimbaji wakabaki na mashimo. Wengi kati yetu wazazi wao wametoka Masisi na Rutshuru. Hawahitaji kusimuliwa.

Ndiyo maana naona kutupa plei nzima kwa sababu ya diski ni kutupa jasho la kwetu mara ya pili.

PS5 ya 2020 ilikuja na SSD ya gigabaiti 825 iliyoshikamana na ubao, haitoki. Nafasi ya kuongeza nyingine ilifunguliwa kwa sasisho la Septemba 2021. Kwa hiyo mlango upo, ila ile ya kwanza ikifa si kazi ya bisibisi tena.

Ndugu wa mashirika, mkituletea mashine, msiulize tu kama inawaka. Ulizeni kama diski yake inabadilika. Na sisi vijana, kila kituo kiwe na mtu mmoja anayejua kuibadilisha, na huyo amfundishe mwingine kabla hajahamishwa.