Wimbo Uliolinda Kanisa

Wako wadhanio kwamba kuimba kanisani ni pambo la ibada tu, tena ni kazi ya wenye sauti njema. Habari za kale zatuonyesha vingine.

Katika mwaka 386, katika mji wa Milano, nchi ya Italia, palikuwa na mashindano makubwa. Justina, mama yake Kaisari Valentiniano wa Pili aliyekuwa angali kijana, alitaka kanisa moja litolewe kwa wafuasi wa Ario, waliokana ya kuwa Mwana ni sawa na Baba. Askofu Ambrosi akakataa. Askari wakalizingira kanisa, nao Wakristo wakakesha ndani, tayari kufa pamoja na askofu wao.

Ili watu wasilegee kwa huzuni na uchovu, wakafundishwa kuimba zaburi na nyimbo kwa desturi ya makanisa ya Mashariki. Nyimbo alizotunga Ambrosi zilikuwa na beti fupi: mistari minne, na kila mstari silabi nane. Sisi tusomao tenzi twaijua hesabu hiyo, vipande vinne, mizani nane. Twajua na faida yake: hata asiyejua herufi moja huushika wimbo wa namna hiyo upesi, wala haumtoki moyoni. Hivyo aliyesoma na asiyesoma walimkiri Baba na Mwana na Roho Mtakatifu kwa sauti moja.

Miongoni mwa waliokesha alikuwamo mwanamke wa Afrika, jina lake Monika. Mwanawe Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alikuwako Milano wakati huo, ila moyo wake ulikuwa bado baridi. Siku ya Pasaka mwaka 387 Ambrosi alimbatiza. Naye baadaye aliandika katika Maungamo yake jinsi alivyolia machozi aliposikia kanisa likiimba. Askari waliondoka, na kanisa halikutolewa. Desturi ya kuimba ikabaki, ikaenea katika makanisa mengi.

Watu wale hawakuwa na silaha. Mtu peke yake angalichoka usiku. Lakini sauti ya jirani humwinua aliyelegea, naye akiisha kupata nguvu humwinua mwingine. Basi tusiiachie kwaya kazi hii, sisi tukakaa kimya kama wageni katika nyumba ya Baba yetu. Kwaya na itangulie, kanisa zima lifuate. Na mwenye sauti ya kukwaruza asione haya, kwa maana kule Milano hawakuchaguliwa wenye sauti njema. Waliimba wote waliokuwamo.