Ufunguo wa Nyumba Isiyo na Matofali

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi imenibana. Leo sina msimbo wa kuwaonyesha. Nimekuja na historia.

Nikiwa darasa la saba, mimi na binamu yangu tulijenga nyumba. Haikuwa na tofali hata moja. Ilikuwa ndani ya mchezo wa mtandaoni, nasi tuliijengea kwenye saiba ya mtaani, shilingi moja kwa dakika. Tuliweka viti, zulia jekundu na mbwa. Siku moja tulilipa shilingi ishirini zetu, tukafungua, tukakuta ujumbe wa kwaheri: kampuni imefunga huduma. Binamu akauliza, "Sasa mbwa ameenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuja kulipata chuo kikuu nikisoma sayansi ya kompyuta: mbwa wetu alikuwa mistari michache ya data kwenye seva ya mtu mwingine.

Siku hizi watu huniuliza dunia pepe za kesho, yaani zile zilizo ndani ya kompyuta tu, zitakuwaje. Je, tutavaa miwani tuhudhurie arusi tukiwa kitandani? Nadhani wanaangalia pasipofaa. Miwani si jambo jipya. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alikwisha kutengeneza chombo cha kuvaa kichwani kinachoonyesha michoro ya kompyuta inayobadilika ukigeuza shingo. Kilikuwa kimening'inizwa darini! Kilichobaki kigumu tangu wakati huo ni swali jingine: mwenye mahali hapo ni nani, na nani anaweka sheria?

Tuanzie Uingereza. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, mwanafunzi Roy Trubshaw alianza kuandika mchezo ulioitwa MUD, kisha mwenzake Richard Bartle akauendeleza. Haukuwa na picha hata moja. Unaandika kwamba unaelekea kaskazini, kompyuta inakujibu kwa maneno ikikueleza ulipofika na nani yuko hapo. Ajabu ni kwamba watu walijisikia wako mahali kweli. Kumbe pahali si picha. Pahali ni kukutana na mtu mwingine.

Picha zilikuja na Habitat, kazi ya Chip Morningstar na Randy Farmer wa Lucasfilm, iliyofanyiwa majaribio kuanzia 1986 kwenye kompyuta za Commodore 64 kupitia laini za simu. Hapa ndipo waandishi wa programu tulipopata somo letu la kwanza. Kulikuwa na mashine iliyouza wanasesere kwa tokeni 75, na nyingine mbali kidogo iliyowanunua kwa tokeni 100. Wachezaji wachache waliligundua kosa hilo, wakakesha wakinunua na kuuza. Kulipokucha, fedha za dunia nzima zilikuwa zimeongezeka mara tano. Walipoulizwa, walijibu kwamba wamezipata kihalali.

Kulikuwa na wizi pia, na mauaji. Mchezaji mmoja, ambaye maishani alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox la Kigiriki, akaanzisha kanisa humo ndani. Waumini wake waliapa kutobeba silaha wala kuiba. Wazo la kanisa halikutoka kwa wahandisi. Watu walilileta wenyewe.

Somo zito zaidi lilitoka LambdaMOO, dunia ya maandishi tu, iliyoanzishwa na Pavel Curtis wa maabara ya Xerox PARC kule California. Mwaka 1993 mtumiaji aliyejiita Mr. Bungle alitumia kijiprogramu kuwafanya wahusika wa wenzake waonekane wakitenda mambo ya aibu ya kingono, sebuleni, mbele ya watu. Mwathiriwa mmoja alilia machozi ya kweli. Wakazi walifanya kikao, wakabishana bila kuafikiana, mwishowe mmoja wa wasimamizi akamfuta mkosaji peke yake. Baadaye Curtis alianzisha utaratibu wa wakazi kuandika maombi na kuyapigia kura.

Sasa ruka karibu miaka thelathini. Desemba 2021 Meta ilifungua Horizon Worlds kwa watu wazima wa Marekani na Kanada. Wanawake wakalalamika kwamba wahusika wa wengine wanawasonga na kuwashikashika. Februari 2022 kampuni ikaweka mpaka wa karibu mita 1.2 kati ya wahusika. Tatizo ni lile lile la 1993. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna mkazi aliyepiga kura. Kampuni iliamua, wakazi wakaarifiwa.

Na kampuni ikichoka je? Google ilifungua Lively Julai 2008, ikaifunga Desemba mwaka uo huo. Club Penguin ya watoto ilizimwa 2017. AltspaceVR ya Microsoft ilizimwa Machi 2023. Mbwa wetu ana wenzake wengi.

Kwa hiyo naona pahali pa kesho patakuwa pa aina tatu:

1. Pahali pa kupanga. Pazuri, pana watu wengi, lakini mwenye nyumba anaweza kukutoa wakati wowote.

2. Pahali pa kujiendeshea. Tangu 2007 iko programu huria iitwayo OpenSimulator, ambayo kijiji, shule au kanisa linaweza kuiweka kwenye seva yake. Ni kazi, umeme na bili, lakini ufunguo ni wenu.

3. Pahali pa kumbukumbu. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima kwa miali ya leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kule pwani ya Tanzania, na kuyatengenezea mifano ya pande tatu. Mtoto wa Turkana anaweza kuuona msikiti wa Kilwa bila nauli, na bahari ikiumega ukuta, kipimo kinabaki.

Hata Habitat ilifufuka. Mwaka 2016 jumba moja la makumbusho kule Oakland, California, lilitoa msimbo wake hadharani kwa ushirikiano na waandishi wake, na wapenzi wakauwasha upya. Iliwezekana kwa sababu kuna mtu alikuwa ametunza nakala.

Basi ukialikwa kwenye dunia mpya, usiulize kwanza miwani ni bei gani. Uliza: naweza kutoka na nyumba yangu kama faili, kwa mfano la glTF, ambalo programu nyingine zinaweza kulifungua? Ukinionea, kesi yangu inasikizwa na nani? Nanyi waandishi wa programu wenzangu, tafadhali wekeni kitufe cha kupakua kila kitu tangu siku ya kwanza. Ni kazi ya siku chache.

Binamu yangu sasa ana mbwa wa kweli, anabweka usiku kucha. Yule wa kwanza hatukupiga hata picha yake.