Programu inapoangusha mtambo mzima

KIPURI cha kielektroniki huzeeka kama kiumbe. Vingine hufa vingali vichanga kwa dosari za kiwandani, vingi hudumu miaka bila taabu, kisha uchakavu huvimaliza. Kapasita, kwa mfano, hukauka kwa joto. Wahandisi hukadiria kuwa joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu hivi. Kwa kuwa kifo hicho hukadirika, dawa yake ilipatikana zamani: kufunga viwili au vitatu vya aina moja, ili kimoja kikizimika kingine kishike zamu.

Programu ya tarakilishi haichakai. Kosa linalojitokeza leo lilikuwamo tangu siku ilipoandikwa, likingoja tu hali ambayo mwandishi wake hakuiwazia. Tena nakala mbili za programu moja hukosea pamoja.

Hayo yalidhihirika Juni 4, 1996, huko Kourou, Guiana ya Ufaransa, roketi ya Ariane 5 iliporushwa kwa mara ya kwanza. Mtambo wake wa kutambua mwelekeo ulikuwa na mwenzake wa akiba, na yote miwili iliendeshwa kwa programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ambayo safari yake ilianza kwa mwendo tofauti. Kasi ya Ariane 5 ikazaa nambari kubwa kuliko nafasi ya biti 16 iliyotengewa. Mtambo wa akiba ukazimika. Kabla ya sekunde moja kupita, ule mkuu ukaufuata. Roketi ilipinda na kulipuka pamoja na satelaiti 4 za utafiti, hata sekunde 40 hazijatimia. Ajabu ni kwamba hesabu yenyewe haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi kuondoka ardhini. Hakuna kipuri kilichoharibika.

Mkasa wa Machi 10, 2019 uliingia katika nyumba nyingi za Wakenya. Ndege ET302 ya Ethiopian Airlines, Boeing 737 MAX 8 yenye umri wa miezi minne, ilikuwa ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilianguka karibu na Bishoftu dakika 6 baada ya kupaa. Watu wote 157 waliangamia, Wakenya wakiwa wengi kuliko raia wa taifa lingine lolote.

Ndege hiyo ilikuwa na vihisi viwili vya kupima pembe ambayo upepo huyakuta mabawa. Hata hivyo, MCAS, programu iliyokusudiwa kuinamisha pua ya ndege inapoinuka kupita kiasi, ilisikiliza kimoja tu. Cha kushoto kilidai nyuzi 74.5, ilhali cha kulia kilisoma takriban 15. Programu ikausadiki uongo na kuishusha pua tena na tena, marubani waking'ang'ana kuipandisha. Kosa la aina hiyo lilikuwa limeua watu 189 katika ndege ya Lion Air nchini Indonesia mnamo Oktoba 29, 2018.

Ripoti ya mwisho ya Ethiopia, iliyotolewa Desemba 2022, ilitaja hitilafu za umeme. Wachunguzi wa Marekani walishikilia kuwa kihisi kiligongwa, yamkini na ndege wa mwituni. Mzozo huo hauiondolei programu lawama, kwani kihisi kufa ni jambo lililotarajiwa. Marekani iliziruhusu ndege hizo kuruka tena Novemba 2020, baada ya miezi 20, MCAS ikiwa imeandikwa upya: sasa hulinganisha vihisi vyote viwili, na visipoafikiana haiigusi pua.