Betri za kuchaji (utunzaji)

Betri za kuchaji ni betri ambazo nishati yake hurudishwa kwa umeme baada ya kutumika. Huko Kasumulu, mji wa mpakani wilayani Kyela, mkoa wa Mbeya, hupatikana katika tochi, redio, mashine za kunyolea, simu na taa za sola.

Aina. Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Gaston Planté mwaka 1859. Ya nikeli na kadimiamu, na Waldemar Jungner mwaka 1899. Ya lithiamu iliingizwa sokoni na Sony mwaka 1991.

Utunzaji. Betri ya risasi huchajiwa mara baada ya matumizi. Ikikaa bila chaji, sulfati hujijenga kwenye bamba zake na uwezo hupungua. Ya lithiamu haifai kuachwa iishe kabisa. Kifaa kisichotumika kwa muda mrefu huhifadhiwa kikiwa na takribani nusu ya chaji. Joto huchakaza aina zote, jambo zito katika bonde la Kyela lenye joto na unyevu: paneli hukaa juani, lakini betri huwekwa kivulini penye hewa, mbali na bati. Chaja ilingane na volti za kifaa.

Usalama. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi, haitobolewi wala kuchomwa, kwani huweza kulipuka. Risasi na kadimiamu ni sumu. Betri zilizokufa hazifai kutupwa shambani, Mto Songwe wala Ziwa Nyasa.