Mlango wa Uuguzi katika Njia ya Tabora

Kitenzi uguza kina ajabu yake. Sarufi ingetaka, kama vile laza ni kumfanya mtu alale na jaza ni kukifanya chombo kijae, uguza nacho kiwe kumfanya mtu augue. Wenye lugha hawakukubali. Kumwuguza mtu ni kukaa naye katika ugonjwa wake, kumgeuza ubavu, kumlisha uji, kukesha naye hadi homa ishuke. Hapana shaka kwamba neno hili limetoka nyumbani kabla ya kuingia hospitali, kwani kwa karne nyingi mwuguzi alikuwa mama, mke au dada, na hapakuwa na mlango wowote wa kubisha ili mtu akubaliwe kuifanya kazi hiyo.

Njiani mambo yalikuwa mengine. Aliyetoka Bagamoyo na mzigo wake begani kwenda Unyanyembe aliwaacha nyuma wote wenye wajibu wa kumwuguza. Burton na Speke, walioondoka pwani mwezi Juni 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, walipishana na msafara uliokuwa umezika, au tuseme umeacha bila kuzika, watu wapatao hamsini kwa ndui. Mpagazi aliyeshindwa kwenda aliachwa chini ya mti na kibuyu cha maji, akijaliwa kibuyu. Kipindupindu nacho kilizijua njia hizo. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyekaa Unguja, alizifuata nyayo za maradhi ya 1869 na 1870 kwa kuwahoji wasafiri wa bara, na kitabu alichokitoa mwaka 1876 kinaonyesha jinsi ugonjwa ulivyotembea kwa miguu ya wafanya biashara.

Tabora yenyewe haikukosa waganga. Burton alipolemewa na homa, mwenyeji wake Mwarabu, Snay bin Amir, hakumtafutia tabibu wa Kizungu, maana hakuwapo. Alimwita mwanamke mzee wa nchi ile, mganga mwenye sifa, ambaye alikuja na bangili zake za shaba na vibuyu vyake vya dawa, akamtibu mgeni na kuchukua ujira wake. Burton alimweleza kwa dharau aliyokuwa nayo kwa watu wengi, urembo wa mwili wake hata nywele, lakini jina lake hakuliandika. Ni hasara kwetu, kwani huyo ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa fani ya tiba kutajwa katika habari za Tabora, naye ametajwa kama kituko.

Wala haifai kudhani kwamba mganga wa Kinyamwezi, mfumu kwa lugha ya kwao, aliokota ujuzi wake barabarani. Vipo vyama vilivyokuwa na mlango, na mlango ulikuwa na ada. Mashuhuri ni buyeye, chama cha wachezaji nyoka wa Unyamwezi na Usukuma. Aliyetaka kuingia alilipa, akachanjwa na kupakwa dawa ya sumu ya nyoka katika chale, kisha akafundishwa mizizi, majani na tabia za nyoka wenyewe. Hiki kilikuwa chuo, kama si kwa majengo basi kwa utaratibu: mwombaji, malipo, walimu, siri za fani, na hatimaye ruhusa ya kutibu. Mtu aliumwa na nyoka shambani, akapelekewa mwanachama wa buyeye kwa sababu kila mtu alijua kuwa huyo amefundishwa.

Mwaka 1860 Florence Nightingale alifungua shule ya uuguzi katika hospitali ya St Thomas' mjini London, na mwombaji alitakiwa kuleta ushahidi wa tabia yake njema. Miezi michache baadaye, Januari 1861, Speke alifika Kazeh mara ya pili, safari hii pamoja na Grant. Malimwengu haya mawili yalikuwa bado hayajuani. Yalipojuana, yalikutanishwa na watu ambao wenyewe hawakuomba wakutanishwe, na wa ajabu kuliko wote ni Adrien Atiman.

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, upande wa Timbuktu. Alitekwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka 1876 alinunuliwa huko Algeria na mapadri wa shirika la Lavigerie, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe. Walimnunua ili kumkomboa, nao waliamini hivyo kwa moyo safi. Hata hivyo mtoto wa miaka kama kumi anayetolewa mkono mmoja kwenda mwingine kwa fedha hawezi kusemwa kuwa amechagua. Mwaka 1881 Lavigerie alimpeleka Malta pamoja na vijana wengine wa Kiafrika wasomee utabibu. Kusudi la Lavigerie lilikuwa wazi: Afrika iongolewe na Waafrika, na tabibu angefunguliwa milango ambayo mhubiri mtupu angefungiwa. Hawakutayarishwa kuwa madaktari wa Ulaya. Walitayarishwa kuwa makatekista wenye elimu ya dawa, wapelekwe wanakotakiwa.

Mwaka 1888 Atiman aliletwa upande wetu. Unguja ndiko misafara ya wamisionari ilikopatia wapagazi, nguo na shanga, na kutoka pwani njia ilikuwa ileile ya pembe na watumwa: Ugogo, Unyamwezi, kisha ziwa la Tanganyika. Mwana wa Niger aliyevushwa jangwa kama bidhaa sasa aliifuata njia iliyokuwa bado inawashusha binadamu wenziwe kama bidhaa, naye akielekea bara na sanduku la dawa. Mwaka 1889 alifika Karema, katika boma lililojengwa na Wabelgiji na kukabidhiwa mapadri mwaka 1885. Hapo alikaa mpaka kufa kwake mwaka 1956, miaka sitini na saba. Alioa katika nchi ile, mwanawe akawa padri, na wagonjwa walimfuata kutoka mbali. Katika uzee wake habari za maisha yake zilichapishwa katika jarida la Tanganyika. Yapo mengi ya kumsifu, na wengi wamemsifu. Lakini swali la mlango linabaki: mtu huyu, tabibu kwa umri mzima, hakuwahi kuulizwa kama anataka kuwa tabibu.

Tabora ilikuwa imemwona daktari mwingine jirani yake kabla ya hapo. Ebenezer Southon, wa chama cha misheni cha London, alifika Urambo mwaka 1879, akawa rafiki na tabibu wa Mirambo, mtawala ambaye jina lake liliwatetemesha wafanya biashara wa pwani. Mwaka 1882 Southon alipigwa risasi ya mkono kwa ajali, akafa kwa jeraha hilo. Hapakuwa na hospitali ya kumlaza.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mpagazi akaanza kusahauliwa. Waingereza, walioshika nchi baada ya vita, walianzisha mwaka 1926 mpango wa dresa wa serikali za kienyeji. Watemi na mabaraza yao ndio waliomlipa dresa, naye alifundishwa kwa muda mfupi kufunga vidonda na kugawa dawa nyepesi. Alikuwa mwanamume, karibu pasipo tofauti. Neno lenyewe limetokana na Kiingereza, lakini lilikaa kinywani mwa watu vizuri kuliko mpango uliolileta. Dresa hakununuliwa kama Atiman, wala hakulipa ada kama mwanafunzi wa buyeye, ila aliteuliwa. Wanawake nao walisubiri shule kwanza, kwani huwezi kusomea dawa kama hujui kusoma. Hapo Tabora ilitangulia sehemu nyingi za nchi kwa shule yake ya wasichana, ingawa nafasi zake zilikuwa chache mno kwa jimbo pana kama lile. Katika hospitali za misheni wauguzi wa mwanzo walikuwa masista watawa, na kwa kuwa Waingereza nao walimwita sista mkuu wa wodi, wagonjwa wetu wakamwita hivyo kila mwanamke mwenye vazi jeupe, awe mtawa au asiwe.

Katika miaka ya 1970, serikali ilipoazimia kupeleka zahanati vijijini, wasichana waliomaliza darasa la saba walifundishwa miezi kumi na minane kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Mlango ulishushwa hadi binti wa mkulima akaufikia. Baadaye ulipandishwa tena, kwa sababu ambazo mkunga yeyote mzoefu atazikubali: uzazi unaoharibika hautaki elimu nusu.

Leo mlango una kipimo kilichoandikwa. Mwombaji wa stashahada ya uuguzi na ukunga awe amemaliza kidato cha nne na kupata angalau alama D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi. Maombi hupitia katika mfumo wa pamoja wa intaneti unaosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, na mafunzo huchukua miaka mitatu, kutoka ngazi ya nne hadi ya sita. Mkoa wa Tabora una vyuo vyake, mmojawapo ukiwa kwenye hospitali ya Ndala wilayani Nzega, mahali ambapo mapadri walifungua misheni mwaka 1896. Msichana wa Tanga au wa Lindi anaweza kukichagua chuo cha huko, akapanda kutoka pwani kwenda bara kwa hiari yake, na ada mkononi. Hilo la ada lisipitwe haraka. Anayeshindwa kuingia leo mara nyingi hakushindwa Kemia. Ameshindwa kulipa, na mzee wa buyeye angemwelewa upesi kuliko sisi.

Kizingiti kingine hakimo katika fomu. Masomo na mitihani ni kwa Kiingereza, na wagonjwa wodini si wa Kiingereza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukariri majina ya mifupa kwa lugha moja, akauliza "unaumwa wapi?" kwa nyingine, na kwa bibi wa Nzega asiyekijua sana Kiswahili hubidi apate ya tatu. Vitabu vya uuguzi vya Kiswahili vingempunguzia mzigo, na watu wa kuvifasiri wapo, lakini hawajatumwa. Basi hujifunza mengine kitandani pa mgonjwa, na kwa kawaida jambo la kwanza kufundishwa huko ni salamu. Asubuhi bibi humwambia, "Mwangaluka," na binti wa pwani, thamomita mkononi, hujaribu kuitikia kwa lafudhi ya Tanga: "Mwangaluka, bibi."