Kura Tatu 1958: Kumbukumbu za kampeni za wanawake wa kwanza kuchaguliwa ziko wapi?

Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, uko kwenye kila kitabu cha historia cha shule. Ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipowashawishi wajumbe wakubali kushiriki uchaguzi wenye masharti ya kibaguzi, uamuzi ulioitwa "Uamuzi wa Busara". Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao. Akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress.

Kinachozungumzwa mara chache ni kwamba uchaguzi huohuo ndio uliowaingiza wanawake wa kwanza kwa kura katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Ukitaka kusoma habari za kampeni zao leo, jiandae kusafiri. Na si kwenda Tabora.

Kura tatu ni nini?

Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mpiga kura alilazimika kuchagua mtu mmoja kwa kila kiti, akiacha kimoja kura yake inaharibika. Kuandikishwa kwenyewe kulihitaji kipato fulani, elimu au wadhifa, kwa hiyo Watanganyika wengi walibaki nje, na wanawake ndio kabisa.

Kura zilipigwa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wagombea walioungwa mkono na TANU walifagia viti, na miongoni mwa washindi walikuwemo wanawake watatu: Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini, kiti cha Waasia; Lady Marion Chesham wa Nyanda za Juu Kusini; na Barbro Johansson, mwalimu na mmisionari kutoka Sweden aliyekuwa akifundisha wasichana Kashasha, Bukoba. Hawa wawili walichukua viti vya Wazungu.

Viti vyote vya Waafrika vilikwenda kwa wanaume.

Karatasi zimetawanyika

Sophia Mustafa alijiandikia mwenyewe. Kitabu chake, The Tanganyika Way, kilitoka miaka michache tu baada ya uchaguzi, wakati mambo bado ya moto. Anasimulia jinsi mama wa nyumbani wa Arusha alivyojikuta kwenye majukwaa ya siasa. Ni kumbukumbu adimu sana, kwa sababu wagombea wengi wa wakati ule hawakuacha hata daftari.

Karatasi za Lady Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa aliyehamia Iringa kwa kilimo, zimehifadhiwa Uingereza, kwenye taasisi ya nyaraka ya Borthwick ya Chuo Kikuu cha York. Watafiti wa historia ya Tanganyika hufunga safari hadi kule kuzisoma. Mtu wa Iringa mwenye simu janja na hamu ya kujua ndiyo hivyo tena.

Kwa Barbro Johansson, Tabora ina la kusema. Baada ya uhuru alichukua uraia wa Tanzania, na katika miaka ya 1960 akawa mkuu wa Shule ya Wasichana Tabora, katika mji uleule uliopitisha uamuzi uliomfungulia mlango wa siasa. Alifariki 1999. Jina lake linaendelea kwenye shule ya sekondari ya wasichana jijini Dar es Salaam.

Na Bibi Titi?

Hapa ndipo pagumu. Bibi Titi Mohamed, mwenye kadi ya TANU namba 16, ndiye aliyewatoa wanawake majumbani, akianzia kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam. Kazi ya kukipa chama nguvu mitaani ilikuwa yake na ya wenzake, lakini katika uchaguzi wa kura tatu hakuwa mgombea. Ukitafuta kwenye orodha za washindi wa 1958 na 1959, humwoni.

Alikuja kuingia bungeni baada ya uchaguzi wa 1960, uliompa TANU viti 70 kati ya 71. Mwaka 1965 akashindwa Rufiji. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo, kisha akaachiwa kwa msamaha wa Rais 1972. Kwa miaka mingi baada ya hapo jina lake halikutajwa sana hadharani. Kilichomwokoa ni sauti yake mwenyewe: mwaka 1984 mwanahistoria Mmarekani Susan Geiger alimhoji kwa kirefu, pamoja na wanawake wengine wa TANU, na masimulizi yao yakatoka kwenye kitabu TANU Women mwaka 1997. Bibi Titi alifariki Novemba 2000.

Yaani waliokuwa na karatasi wamehifadhiwa kwenye maboksi. Waliokuwa na mdomo na miguu walisubiri mtu aje na kinasa sauti, na wengi hakuja mtu.

Tabora inajua kutunza kumbukumbu ikitaka. Ukienda Kwihara, kwenye njia ya zamani ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, utaikuta tembe aliyokaa Livingstone mwaka 1872, leo ni makumbusho. Wazungu wawili watatu waliopita hapo wanajulikana hadi walikolala. Wanawake waliowapikia na kuwapokea wajumbe wa 1958 hawana hata kibao.

Anayetaka kuanza kutafuta aende Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, Dar es Salaam. Majalada ya serikali hufunguliwa baada ya miaka 30, kwa hiyo ya 1958 yalishavuka kikwazo hicho zamani. Na kama nyumbani kuna bibi aliyekuwa msichana wa miaka 20 mwaka ule, sasa anakaribia 90. Simu ina kinasa sauti.