Barua za majeruhi, na wale ambao hawakuandika

Vijana wenzangu, wengi wetu tumeshafika hospitali ya Mengo, pale kilima cha Namirembe, kutafuta dawa au kumsindikiza mgonjwa. Wachache tunajua kwamba wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ililaza majeruhi. Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walipigana huku kwetu, mizigo wakabeba Waafrika. Upande wa Uingereza peke yake ulichukua karibu watu milioni moja. Wabelgiji nao waliwatoa babu zetu Kongo mpaka Tabora, mwaka 1916. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Ni malaria, kuhara damu na njaa.

Hao watu walisema nini? Angalia kwanza wenzao wa India. Waliojeruhiwa Ufaransa walilazwa Brighton, Uingereza, kwenye jumba la kifalme lililogeuzwa hospitali. Asiyejua kuandika alimwambia mwenzake amwandikie. Lakini barua zilifunguliwa na wakaguzi wa jeshi. Askari wakajua, wakaanza kuficha maneno: pilipili nyeusi ni sisi, pilipili nyekundu ni Wazungu. Wakaguzi walitafsiri na kunakili vipande kwenye ripoti zao, na leo tunavisoma juu ya hizo ripoti.

Wapagazi wetu wengi hawakujua kuandika, na sauti zao chache sana zilibaki kwenye karatasi. Basi William Kentridge, msanii wa Afrika Kusini, alipotaka kusimulia habari yao, alitumia nyimbo, ngoma na vivuli. Watu wanapita mbele ya ukuta mrefu wamebeba mizigo, na vivuli vyao vinakuwa vikubwa kuliko wao. Kazi hiyo, The Head & the Load, ilionyeshwa mara ya kwanza London mwaka 2018. Jina lake limetoka kwenye methali ya Ghana: kichwa na mzigo ndio taabu ya shingo.

Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba msamaha, miaka mia moja imeshapita.

Mimi nikisoma haya nafikiria mafaili yetu. Habari zetu nyingi zimeandikwa kwenye intaviu. Dada na kaka mnaotuhudumia, tunajua faili linasaidia, bila hilo hakuna karatasi. Lakini faili linajibu maswali ya anayeuliza. Halikuuliza mama alikuwa anaimba nini akitwanga sombe.

Kwa hiyo, ndugu, kabla hujafuta zile sauti za WhatsApp kutoka nyumbani ili simu ipate nafasi, ziandike kwenye daftari, na jina la aliyesema na tarehe. Anayechora achore kutoka hapo. Anayeimba aimbe.